Kapteni wa Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Havana, 9 Februari 1896

Dada yangu mpenzi Eulogia,

Barua hii haikupita posta. Siku hizi kila bahasha Wahispania wanaifungua kabla ya mwenyewe. Anayekuletea ni Delfina, yule mpishi wa meli, ameifunga kiunoni, basi ukiikuta imelowa jasho usinune.

Sisi wazima. Mumeo Rosendo mzima kupita kiasi. Ruhusa ya kuwafuata huko Cayo Hueso, upande wa Marekani, bado wanamzungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa. Mwanamume mwenye nguvu zake hawamtoi kisiwani, wanaogopa atarudi na bunduki ya Wamarekani.

Sasa nikupe kisa. Kazi yangu unaijua: asubuhi nakaa kwenye kiti cha juu katikati ya kiwanda cha Jasmini nawasomea wasokota biri magazeti, na alasiri nawasomea hadithi. Wiki tatu zilizopita akaja mkaguzi wa serikali, masharubu kama amechorwa kwa mkaa. Magazeti marufuku. Kutaja vita marufuku. Hadithi ruksa, mradi kitabu kigongwe muhuri wake. Nikampa kitabu kimoja kikuukuu cha mfalme na malkia na wivu wao, kurasa mia tano. Akasoma ukurasa wa kwanza, akapiga miayo, akagonga muhuri.

Dada, hakujua kwamba kurasa za katikati zimeliwa na mchwa!

Basi penye mashimo mimi naingiza vita vyetu vya kuwaondoa Wahispania. Habari nazipata asubuhi kwa kinyozi. Watu wetu wakishinda kule mashariki, alasiri nasoma kwamba wakulima wa yule mfalme wamewatimua askari darajani. Meli ya silaha ikitia nanga, nasoma kwamba binamu wa malkia ameleta mapipa ya divai. Siku ya kwanza watu walinitumbulia macho tu. Siku ya pili mzee Crispín akagonga kisu chake cha kukatia tumbaku juu ya meza, ko ko ko, kile kishindo chetu cha kusema "umesoma vema", na kiwanda kizima kikafuata, visu mia mbili. Mkaguzi akaja kunipongeza eti nasoma kwa hisia!

Rosendo ndiye mgongaji mkuu. Ameketi hatua tano kutoka kwenye kiti changu, ananicheka kwa macho. Anasema nikuandikie hivi: "Mwambie Kelele soksi zimetoboka zote, na binti yetu Candelaria asiolewe mpaka nifike." Ndiyo mapenzi yake hayo, mimi nimeyaandika kama yalivyotoka.

Mdogo wako,
Leandro


Cayo Hueso, 22 Februari 1896

Leandro,

Barua imefika, na kweli inanuka Delfina. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nilitetemeka, ya tatu nilitamani uwe karibu nikufinye sikio.

Wewe tangu utotoni ukipata watu watatu wa kukusikiliza akili inakuruka. Sasa una mia mbili. Nakuuliza swali moja, unijibu kama mtu mzima: wale watu wanajuaje ipi ni habari na ipi ni hadithi? Asubuhi umewazoesha kwamba sauti yako inasema yaliyotokea. Alasiri sasa ni sauti hiyohiyo. Mwenye shamba anajua wapi kapanda muhogo na wapi pana magugu. Anayepita njiani haoni tofauti.

Sisi huku tunachambua majani ya tumbaku mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Candelaria ametimiza miaka kumi na tisa, mrefu kuliko mimi, mkali kuliko mimi. Kila meli ikitoka Havana anakwenda gatini kumtafuta baba yake, anarudi hasemi neno.

Mwambie Rosendo soksi ninazo pea nne zinamngoja. Mwambie akae kimya, apige foleni yake ya ruhusa, asijitie ushujaa. Sitaki shujaa mimi, nataka mume. Wewe ndiye jicho langu hapo. Nakukabidhi.

Dada yako,
Eulogia


Havana, 10 Machi 1896

Dada yangu mpenzi,

Naandika kwa haraka, Delfina yuko mlangoni. Sote wazima. Swali lako limenichekesha. Wanajua bila shaka, ni watu wazima wale.

Rosendo ana kazi nyingi, kwa hiyo maneno yake ni machache lakini mazito. Anasema: "Ewe mwanga wa macho yangu, kila nisokotapo jani laini naukumbuka mkono wako. Bahari iliyo kati yetu ni kijito tu mbele ya penzi langu. Vumilia, ua langu, siku i karibu."

Msimsumbue kwa barua kwa sasa, ruhusa inashughulikiwa.

Mdogo wako,
Leandro


Cayo Hueso, 19 Machi 1896

Leandro,

Mume wangu yuko wapi?

Miaka ishirini na moja Rosendo hajaniita mwanga wa chochote. Siku ya harusi yetu aliniambia, "Kelele, umependeza, sasa tukale." Hilo ua ni lako, na kijito hicho ni chako. Nilipofika penye "nisokotapo" nikaacha kusoma. Candelaria akaninyang'anya barua, akasoma, akaniuliza, "Mama, mbona mjomba anaongea ndani ya mdomo wa baba?"

Jana kafika mwanamke mmoja kutoka Havana, jirani wa kiwanda chenu. Anasema watu wa Jasmini wameacha meza zao wakapotea, zaidi ya kumi na tano. Nikamtajia Rosendo Ulloa. Akatazama chini.

Usinipambie. Ukinipambia tena, sina ndugu.

Eulogia


Havana, 29 Machi 1896

Dada,

Sijui nianzie wapi. Mara nne nimeanza, mara nne nimechana.

Alhamisi ya tarehe 27 Februari nilikwenda kwa kinyozi, nikakuta duka limefungwa na kinyozi amechukuliwa. Sikuwa na habari hata moja. Alasiri nikapanda kitini, nikafungua kitabu, nikakuta shimo la mchwa kurasa ishirini nzima. Visu vimetulia, watu wananisubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona aibu kunyamaza.

Nikabuni. Nikamleta kapteni mmoja, nikamwita Baltasar. Nikasema amewahi kuwa fundi wa mikono kama wao, sasa anakusanya watu, ana farasi, ana bunduki za kutosha, anangoja wajasiri tu. Nikahitaji mahali pa kumweka. Akili ilikuwa imechoka, ikashika mahali inapopajua. Nikasema anakaa kwenye kinu cha miwa kilichoungua, dohani imemeguka upande mmoja, mto unazunguka nyuma yake, na mlangoni kuna mti wa limau uliopandwa na mtawa.

Eulogia, ni kinu cha Las Ánimas. Tulichochezea sisi. Kila mtu wa upande wetu anakijua. Nikaweka hata neno la kupitia: mlinzi anauliza, "Umeleta nini?" na mgeni anajibu, "Mikono miwili." Nilifurahi, nikaona nimepatia. Wakagonga visu mpaka vumbi la tumbaku likapanda.

Ijumaa asubuhi meza sita tupu. Vijana sita, wote wa upande wa kule. Kumbe walidhani ni kama siku zote, kwamba nimepewa habari ya kweli nikaivisha nguo za mfalme! Ndivyo nilivyowafundisha mwenyewe. Rosendo alikuwepo. Alinitazama asubuhi nzima, hakunicheka. Saa sita akatoka kwenda kula, hakurudi.

Hakuna kapteni pale, dada. Hakuna farasi. Nusu saa kutoka kwenye kinu kile kuna ngome ya Wahispania.

Sikiliza na hili, kisha unilaani. Jumatatu nikataka kuwazuia waliobaki. Nikapanda kitini, nikamwua kapteni. Nikasoma kwamba askari walimvizia kivukoni, wakampiga risasi, kinu kikabaki kitupu na hakuna tena wa kumfuata. Hakuna aliyegonga. Kisu kimoja kikaanguka sakafuni, kikafuata kingine, hadi vyote viko chini. Unajua maana yake, hiyo ndiyo hasira yetu. Wanawake walilia kwa sauti. Mimi nikashuka nikijiambia, basi, angalau hawatakwenda.

Jumanne meza nyingine kumi na moja tupu. Walikwenda kulipiza kisasi cha mtu ambaye hajazaliwa!

Mkaguzi alielewa siku hiyo. Kusoma kumepigwa marufuku kabisa, kitabu kimechomwa uani. Mimi sikukamatwa kwa sababu alishakipiga muhuri wake, akiniumbua mimi anajiumbua yeye. Wiki iliyopita mkokoteni ulileta maiti nne kutoka njia ile, zikawekwa sokoni watu watazame. Nilikwenda. Nikamtazama kila mmoja usoni. Rosendo hakuwemo. Ni hilo tu ninalolijua.

Ile barua ya ua na kijito niliiandika kwa sababu ulinikabidhi, nami sikuwa na cha kukurudishia.

Leandro


Cayo Hueso, 7 Aprili 1896

Leandro,

Nimekaa na barua yako siku tatu sijaweza kula. Silii. Nimeduwaa tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mkono asiouona.

Ulimtuma mume wangu kwa mtu asiyekuwepo. Halafu ukamwua mtu asiyekuwepo, ukatuma wengine kumi na mmoja. Halafu ukamfufua mume wangu kwa wino ili nilale usingizi. Wewe mwanamume, mdomo wako una nini?

Sitaki pole zako. Nataka hivi: nenda. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Nenda Las Ánimas ukamtafute. Ukimkuta hai mrudishe, mwambie ukweli, mwambie ulibuni. Ukimkuta mfu mzike kama mtu. Kisha uniandikie uliyoyaona kwa macho, neno kwa neno, bila ua hata moja.

Usiponiandikia nitajua umekufa, na hapo nitakusamehe. Lakini ukinidanganya, sikusamehe hata kaburini.

Eulogia


Msituni, karibu na Las Ánimas, 16 Mei 1896

Dada,

Kila neno humu ni la kweli. Nimekwenda, nimeona.

Nilibeba kikapu cha picha za watakatifu nikajifanya muuzaji. Siku ya nne nikaiona ile dohani. Nikatarajia mifupa. Mtu akaruka kutoka nyuma ya mlimau, akaniwekea panga kifuani: "Umeleta nini?"

Eulogia, neno langu mwenyewe! Nililolitunga kwenye kiti nikila karanga, leo panga linaniuliza. Nikasema, "Mikono miwili." Akashusha panga.

Ndani kulikuwa na watu arobaini na watatu. Si wa Jasmini tu, walikuwepo wa viwanda vitano, kwa maana hadithi ilitembea kutoka meza hadi meza. Bunduki tisa, farasi wawili wagonjwa. Mzee Crispín alikuwepo, na miaka yake sitini na nane. Akasema, "Twende kwa kapteni." Nikamwambia hakuna kapteni. Akanishika mkono kama unavyomshika mlevi.

Kapteni alikuwa amekaa juu ya gurudumu la kinu, ndevu mpaka kifuani, anashona kiatu. Akainua kichwa. "Shemeji," akasema, "mbona uliniua?"

Alikuwa Rosendo.

Wakacheka wote, mimi nikaketi chini kama gunia. Wale kumi na mmoja walifika wanalia, wanataka kulipiza kisasi cha kapteni, wakamkuta kapteni anakaanga ndizi. Tangu hapo wanaamini hafi.

Jioni alinipeleka mtoni, sisi wawili tu. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote kama ulivyoniagiza: nilibuni, hapakuwa na habari, kitabu kilikuwa na shimo. Akanitazama kwa huruma. "Leandro," akasema, "mimi sijui kusoma, lakini nimekutazama miaka tisa kutoka hatua tano. Siku ile tangu saa nane mpaka saa tisa na nusu hukugeuza ukurasa hata mmoja. Nilijua palepale."

Nikamwuliza, "Sasa kwa nini ulikuja?"

"Wale sita walishaondoka. Nani angewaambia? Nilikuja kuwarudisha nyumbani. Nikatembea siku mbili nikipanga maneno: jamani, huyo shemeji yangu mpumbavu ametunga. Nafika pale mlimauni, wametoka mbio wote sita, njaa imewakausha, wanapiga kelele, 'Kumbe kapteni ni wewe! Kapteni amefika!' Mmoja akaniangukia miguuni. Wewe ungesema nini? Wewe unaongea kwa mshahara, mimi nilikosa neno."

Nikamwambia Delfina anaweza kumficha melini, soksi pea nne zinamngoja. Aligeuka akatazama kinuni. "Nikiondoka, hawa wataenda kujiua kwenye ngome siku hiyohiyo. Nikikaa, angalau nawaambia waoge na walale. Andika, mwambie Kelele." Na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza nukta:

"Kelele, sikuja huku kwa ushujaa, usije ukawasikiliza watu. Nilikuja mara moja nirudi. Imekuwa ndefu. Candelaria akipata mtu asiyesema sana, aolewe. Nimekumbuka kupika kwako, hata ule wali ulioungua. Basi."

Jumamosi tarehe 9, alfajiri, askari walikuja kutoka ngomeni. Rosendo aliwavusha watu mto, yeye wa mwisho. Risasi ilimpata chini ya kwapa. Tulimbeba mimi na Crispín mpaka kwenye miwa. Hakusema lolote la maana, aliuliza kama viatu vyake vimelowa. Kabla ya adhuhuri akafa. Nilimfumba macho mimi. Tumemzika penye kilima kidogo mashariki ya mto, nimeweka mawe saba.

Baada ya maziko nikasimama mbele yao. Nikasema: "Huyu alikuwa Rosendo Ulloa, msokota biri. Kapteni Baltasar nilimtunga mimi, alasiri moja, kwa aibu ya kunyamaza. Nendeni kwenu." Nilidhani watanikata kwa mapanga, na nilikuwa tayari.

Crispín akanijibu, "Tunajua, msomaji. Kila mmoja wetu alijua kwa wakati wake, akamficha mwenziwe. Sasa sema, nini kinafuata?"

Hawakwenda kwao. Nami sijaweza kuwaacha. Nisamehe au usinisamehe, dada. Ulitaka ukweli, ni huo.

Leandro


Cayo Hueso, 2 Juni 1896

Mdogo wangu Leandro,

Nimepokea. Nimeamini kila neno, kwa sababu ya viatu. Rosendo wangu ndivyo alivyo.

Nimelia sasa, kwa mara ya kwanza, kisha nikafanya jambo ambalo lazima ulijue upesi.

Jina la Kapteni Baltasar limefika huku kabla ya barua yako. Vijana wanaimba jina lake barabarani. Kila wiki boti inaondoka kwa siri na watu wanaokwenda kujiunga naye. Nikaona, hawa watoto wa wenzangu wanakwenda kufa kwa ajili ya shimo la mchwa. Nikasema hapana. Uongo umewapeleka wengine, basi ukweli utawazuia hawa.

Jana nikamwendea msomaji wa karakana yetu, nikamwambia ashuke. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Nikapanda. Nikawaambia, "Mimi ni mjane wa huyo mnayemwimba, nyamazeni." Nikasoma barua yako yote, tangu kikapu cha watakatifu mpaka swali la Crispín. Sikuruka kitu. Nikasoma kwamba ulibuni. Nikasoma kwamba alikwenda kuwarudisha watu nyumbani tu. Nikasoma mpaka ule wali ulioungua, Leandro, mbele ya watu mia tatu, nikiona aibu na uchungu pamoja. Mwisho nikawaambia kwa mdomo wangu: hakuna kapteni, hakuwahi kuwapo, kaeni na mama zenu.

Kimya. Nikasema moyoni, Mungu asante, wamesikia.

Kisha kisu kimoja kikagonga meza. Kisha vyote. Walisimama, Leandro! Walisimama wakigonga na machozi yanawatoka, mpaka kiti kikatetemeka chini yangu. Nilipiga kelele, nikasema hapana, hamkunielewa, hakuna aliyenisikia. Kufikia jioni watu ishirini na sita walikuwa wameandika majina yao kwa ajili ya boti. Hapo awali walikuwa wanane kwa wiki.

Nilikwenda kuitazama ile orodha nikiwa na hasira, nikwangue hata jina moja. Jina la tatu ni Candelaria Ulloa. Wameandika: muuguzi.

Nimemwomba. Nimemfungia mlango, nimempigia magoti mwanangu mwenyewe. Nikamwambia, hujasikia niliyosoma? Akaniinua kwa mikono miwili, akanifuta uso kwa aproni yangu, akasema, "Nimesikia, mama. Umesoma vizuri sana. Mjomba mwenyewe asingeweza."

Boti inaondoka Alhamisi.

Dada yako,
Eulogia